Dondoo muhimu: Senene kwenye uji wa mtoto

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mara nyingi tumbo limeshiba uji wa mahindi au ugali wa muhogo, lakini protini na madini ya chuma ni haba. Senene wanaouzwa Mwanza msimu wa mvua wanaweza kuziba pengo hilo, kwani zaidi ya theluthi moja ya uzito wao mkavu ni protini. Wanyonyoe mabawa na miguu, waoshe, wakaange hadi wakauke kabisa, kisha saga na uchemshe kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita.

Wapo wanaosema senene ni ghali na ni wa msimu. Ni kweli, ila kinachohitajika ni kidogo tu, na msimu ukiisha unga wa dagaa hufanya kazi ileile. Hofu ya mzio nayo ina msingi: anza na kiasi kidogo, na mtoto anayedhurika akila kamba wa baharini asipewe. Senene wa mashamba yaliyopigwa dawa waache.