Mafunzo niliyopata kwenye shelfu ya PS3

PS4 ilitoka Novemba 2013. Mzigo wangu wa kwanza wa gemu zake ulipoingia dukani kwangu Kariakoo, nilizishusha za PS3 zote hadi shelfu ya chini kabisa, jirani na ndoo ya kudekia, nikabandika karatasi: NUSU BEI. Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mlango tu.

1. Mashine mpya ikitoka, mteja wa ile ya zamani hahami siku hiyo hiyo. Wateja wangu wakubwa walikuwa wenye vibanda vya gemu, watu wa runinga mbili, PS3 mbili na watoto wanaolipa kwa mechi. Hao hawabadilishi mashine mpaka iliyopo ifie mikononi. Mmoja wao kutoka Mbagala aliisogeza ndoo kwa mguu, akachuchumaa. "Bosi, mbona hizi umezifukia?" Akachagua nne, akalipa bila kuomba hata mia ipungue. Kwa jinsi alivyolipa, nilijua hata bei kamili angeitoa.

2. Gemu za mpira na gemu za hadithi hazikatwi bei pamoja. FIFA ilikuwa ikizeeka kila Septemba, toleo jipya likija na usajili mpya. Ile ya mwaka uliotangulia ilidoda wiki ile ile. GTA V ya PS3 niliiuza vizuri hata baada ya toleo la PS4 kufika Novemba 2014. Mimi nilizikata zote nusu kwa kalamu moja.

3. Kabla ya kupanga bei, uliza kama mashine mpya inasoma diski za zamani. PS4 haisomi za PS3 hata kidogo, kwa hiyo kila aliyehama aliniletea mfuko mzima wa diski ninunue. Hizo za mtumba ndizo zilizoziangusha gemu zangu mpya za PS3 ambazo bado zilikuwa na nailoni. PS4 yenyewe nilikuwa naisingizia. PS5 ilipokuja Novemba 2020, ile yenye sehemu ya diski ilisoma karibu gemu zote za PS4. Mifuko haikuja. Shelfu ya PS4 sikuigusa.

4. Kava za PS4 ni za buluu, za PS3 nyingi zina plastiki isiyo na rangi. Kutoka barabarani watu waliona ukuta wa buluu, wakadhani za PS3 sina. Nilizipandisha usawa wa macho, migongo ikitazama nje, gemu ishirini na kitu kwenye nafasi ambayo awali zilikaa tano. Ndoo ikapata nafasi yake.

5. Toleo la mwisho lina hesabu zake. FIFA 19, ya mwaka 2018, ndiyo iliyofunga safari kwenye PS3. Haikuwa na jipya kubwa, lakini Ronaldo alikuwemo akiwa Juventus, na kibandani hilo linatosha. Niliagiza chache kwa woga. Septemba 2019 ikafika, na kwa kuwa FIFA 20 ya PS3 haikutengenezwa, hapakuwa na kitu cha kuizeesha. Yule wa Mbagala akaja tena.

"Bosi, 20 ya PS3 inaingia lini?"

"Haiingii, kaka."

Akatazama shelfu. Ilibaki FIFA 19 moja. Nikamtajia bei ya siku ilipotoka, akaingiza mkono mfukoni.