Ziara ya Mashamba ya Waridi: Tuanze na Maji, Maua Baadaye

Katika kipindi cha miaka michache ofisi ya miradi ya dayosisi imepokea maandiko matatu kutoka sharika zetu yanayoomba fedha za kulima maua ya waridi. Yote matatu yalifanana: kitalu nyumba kimoja, tenki la maji, mafunzo ya wiki mbili, na soko "la uhakika" huko Ulaya. Sikushangaa. Watu wetu wanasafiri. Wamepita Usa River, wengine wamefika Naivasha, wameona mapaa ya plastiki yaking'aa hadi upeo wa macho, wakajiuliza kwa nini na sisi tusifanye hivyo.

Andiko la tatu lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko mengine, na mfadhili alikuwa anasubiri. Sikulipeleka mara moja, na sababu yake naomba niiseme wazi. Miaka ya nyuma niliweka saini kwenye mradi wa kitalu nyumba cha nyanya katika usharika mmoja. Akina mama 22 walitoa mchango wao kutoka kwenye akiba za Vikoba. Ilipofika Septemba kisima kilipungua, miche ikakauka, na upepo wa Dodoma ukachana plastiki. Nguzo zipo mpaka leo, watu wanaanikia nguo. Mfadhili alipata ripoti yake, lakini wale akina mama hawakurudishiwa akiba yao. Kwa hiyo safari hii tulikubaliana na kamati kwamba wajumbe tisa wasafiri kwanza, waone kwa macho, ndipo andiko liendelee. Tuliondoka Agosti 2023, tukapita Kondoa na Babati hadi Arusha, kisha Namanga mpaka Naivasha.

Shambani: swali la mweka hazina

Mashamba makubwa hayapokei wageni wanaobisha hodi tu. Andikeni barua mapema, mtaje idadi ya watu na mnachotaka kujifunza. Mkifika langoni mtakanyaga dawa ya kuua vimelea na kunawa mikono. Msione ni dharau, maana mgeni anaweza kubeba utitiri au ukungu kwenye viatu na nguo. Ndani mtakuta vibao vinavyoonyesha saa ya kunyunyizia dawa na saa ambayo watu wanaruhusiwa kuingia tena. Visomeni. Shamba lisilo na vibao hivyo halitakuwa mwalimu mzuri kwa vijana wetu.

Wajumbe wengi walitoa simu wakaanza kupiga picha. Mweka hazina wetu, mama wa Kigogo ambaye amebeba ndoo kichwani tangu utoto, hakupiga picha hata moja. Alimsogelea bwana shamba akamuuliza, "Mwanangu, ua moja hapa linakunywa maji kiasi gani?" Yule kijana akacheka kwa heshima: "Mama, sisi hatuhesabu kwa ua, tunahesabu kwa eneo."

Kiasi kinachotajwa sana kwa mawaridi ya vitalu nyumba Afrika Mashariki ni hadi lita 60,000 kwa hekta moja kila siku, yaani lita sita kwa kila mita ya mraba. Andiko letu lilitaja robo eka, ambayo ni karibu mita za mraba 1,000. Mama alipiga hesabu nyuma ya daftari la michango: lita 6,000 kwa siku, ndoo 300 za lita ishirini. Katika andiko tuliweka tenki la lita 5,000 tukaona tumejitahidi. Tenki hilo lingeisha kabla ya jua kuzama, kila siku, Jumapili ikiwemo.

Naivasha ina ziwa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Tena mawaridi hayapendi maji ya chumvi, na visima vingi vya kwetu vina chumvi. Zabibu za Hombolo na Mpunguzi huvumilia hali hiyo kuliko waridi. Usharika wowote unaofikiria maua upeleke kwanza chupa ya maji ya kisima chake maabara. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya mjumbe mmoja kwenda Arusha.

Kuna suala la mwinuko pia. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, Dodoma karibu 1,120. Kwenye baridi ya usiku waridi hukua polepole, likatoa kichwa kikubwa na shina refu. Kwenye joto hukimbia, likachanua dogo. Hata Naivasha kwenyewe ukungu ni adui wa kila usiku. Oserian, shamba lililoanza maua katika miaka ya 1980, lilifika mahali pa kutumia joto la mvuke wa ardhini kutoka eneo la Olkaria ili kupunguza unyevu ndani ya vitalu nyumba. Sisi tulikuwa tumeandika "dawa za ukungu" na kiasi cha fedha, basi.

Ua likishakatwa huwekwa kwenye maji papo hapo, kisha chumba cha baridi, gari la baridi, ndege. Maua ya Arusha kwa muda mrefu yamesafirishwa kwa lori hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, ingawa KIA ipo jirani, kwa sababu ndege za mizigo ziko huko. Mashamba kadhaa ya waridi ya Arusha yalifungwa katika miaka ya 2010, pamoja na uzoefu na mitaji yao. Na Machi 2020, korona ilipofunga masoko ya Ulaya, Kenya inayoongoza nje ya Ulaya kwa kuuza mawaridi katika Umoja wa Ulaya ilimwaga maua kwa malori na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Kikundi cha watu 22 kisingestahimili wiki mbili za hali hiyo.

Tulilala siku hiyo wengi wetu tukiwa kimya. Mwenyekiti alisema tungebaki Dodoma tu.

Kitaluni: hapa ndipo palipotufaa

Siku ya pili tulitembelea kitalu kinachozalisha miche ya waridi na hakiuzi maua kabisa. Hapa somo lilibadilika. Waridi la biashara kwa kawaida ni mimea miwili iliyounganishwa. Chini kuna shina lenye mizizi migumu, na linalotumika sana upande wetu wa Afrika linaitwa Natal Briar. Juu kuna kikonyo cha aina inayotoa ua linalotakiwa. Fundi, dada wa miaka thelathini hivi, alikata kipande cha Natal Briar chenye urefu wa kiganja, akakiunganisha na kikonyo chenye jani moja na jicho moja, akabana kwa kibanio cha plastiki, akachomeka kwenye kichanga. Hakumaliza dakika. Kipande hicho hutoa mizizi na kuunga kidonda kwa wakati mmoja, chini ya ukungu wa maji, ndani ya wiki tatu hadi nne. Wanaobebesha maembe na machungwa hawatapata shida kuelewa kazi hii. Inadai kisu kikali, mikono safi na subira, na hivyo vitu tunavyo.

Mkitembelea kitalu, angalieni sehemu ambayo watu hawaiangalii. Ng'oeni mche mmoja, kwa ruhusa, muone mizizi. Shikeni shina pale linapokutana na udongo: kama kuna uvimbe kama nundu, rudisheni. Ni ugonjwa wa bakteria ambao hauna dawa ya kuaminika na hukaa ardhini kwa miaka. Angalieni alama ya kiungo. Matawi yanayoota chini ya kiungo hicho ni ya shina la mizizi. Yasipoondolewa, hula chakula chote na ua lililonunuliwa hufa taratibu. Nimeona nyumba nyingi mjini Dodoma ambako wenyewe husema waridi lao "limebadilika rangi". Halijabadilika, limemezwa na lile la chini.

Ulizeni pia aina hiyo ni ya nani. Mawaridi mapya yana wenyewe. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012, na mwaka 2015 ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Kuzalisha na kuuza miche ya aina inayolindwa bila leseni ni kosa, hata kama mzalishaji ni kanisa. Aina za zamani hazina kizuizi hicho: Peace, iliyotolewa kwa jina hilo mwaka 1945 vita ikiwa inakwisha, Queen Elizabeth ya 1954, na Iceberg, waridi jeupe la Kordes wa Ujerumani la 1958, ambalo hustahimili joto katika nchi nyingi. Jeupe lilimfurahisha mchungaji wetu, maana muhuri wa Luther una waridi jeupe lenye moyo na msalaba, na alikuwa ameshaliona kichwani likizunguka kanisa.

Wajumbe wawili walinunua miche wakaificha kwenye begi la basi. Tulilazimika kuiacha. Mimea haivushwi mpaka bila kibali cha kuiingiza nchini na cheti cha afya ya mimea. Kwa upande wetu mamlaka inayohusika na afya ya mimea ni TPHPA. Ilikuwa aibu kidogo, lakini heri aibu kuliko kuleta ugonjwa Dodoma kwa jina la ushirika.

Bustanini: nendeni wakati mbaya

Ukitaka kujua waridi litaishi kwako, usitembelee bustani wakati limechanua. Tembelea Oktoba, jua likiwa kali na mvua haijanyesha, uone lililobaki na majani. Tuliporudi tulifanya hivyo hapa kwetu, nyumba kwa nyumba, na tukapata mwalimu ambaye hatukumtegemea. Kwenye ua wa nyumba moja ya zamani ya misheni kuna waridi la rangi ya pinki ambalo wazee wanasema wamelikuta. Hakuna anayejua jina lake. Linanyweshwa maji ya kuoshea vyombo, mbuzi wameligonga mara nyingi, na linachanua.

Mjumbe wetu aliyekulia Tanga aliuliza habari ya marashi, kwa kuwa pwani maji ya waridi ni kitu cha heshima. Ni swali zuri, na jibu linatoka Oman, kwenye mlima Jabal Akhdar, ambako wakulima huchuma mawaridi kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei na kuyakamua kwa mvuke. Lakini kule ni karibu mita 2,000, pana baridi ya kweli wakati wa kipupwe, na maji hufika kwa mifereji ya falaji. Tulilifunga hilo haraka.

Andiko jipya

Kamati imeandika upya. Hakuna tena kitalu nyumba wala Ulaya. Kuna kitalu cha miche 1,000 kwenye mifuko, chini ya kivuli cha wavu. Hata tukihesabu lita moja kwa mche kwa siku, ni lita 1,000, na tenki lile lile linatosha siku tano. Mteja yupo karibu: tangu Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, nyumba, ofisi na kumbi zinaongezeka, na bustani zake nyingi hununua miche inayotoka Arusha na Morogoro ikiwa imechoka na safari. Mweka hazina amekataa kuandika neno "uhakika". Ameandika majina ya wateja kumi na wawili aliozungumza nao yeye mwenyewe na idadi ya miche ambayo kila mmoja alisema angenunua, na mbele ya wanne kati yao ameweka alama ya kuuliza.

Wakati tunasubiri, tulichomeka vipande 60 kutoka kwenye lile waridi la misheni, kwenye mchanga, nyuma ya ofisi ya usharika. 34 vimetoa mizizi. Kumi tumevinywesha maji ya kisima peke yake, bila kuchanganya na ya mvua, ili tuone chumvi inavyovifanya. Majani ya vitatu yameanza kuwa ya njano, na mfadhili tumemwandikia hivyo hivyo.