Mshindi Anabaki: Mafunzo ya Mcheza Gemu wa Zamani wa Moshi

Sisi tuliojulia gemu kwenye vibanda vya Majengo, Pasua na Njoro tulizipokea zikiwa zimekamilika. Waliozitengeneza walikuwa Japani na Marekani, hawakutujua, na diski ikishafika Moshi hawakuwa na la kusema tena juu yake. Tuliifanya yetu. Nimecheza tangu PlayStation ya kwanza hadi hii ya tano, na kila nikilinganisha naona picha zimepanda, sauti zimepanda, ila mtengenezaji amekataa kuondoka chumbani. Yumo ndani ya mashine, anauliza kama una mtandao, anadai nafasi, anakuuzia kitu kingine. Mafunzo yangu karibu yote yanatoka hapo.

1. Gemu inayoomba ruhusa kila siku hujauziwa, umeazimwa

Mwenyeji wa Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo. Ukoo unapanda mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na siku hizi kwenye buti la gari, katikati ya magunia ya mchele na vitenge vya bibi, kuna PlayStation iliyoviringishwa kwenye taulo. Krismasi mojawapo huko Kibosho mtoto wa kaka yangu alikuja na gemu mpya, diski halisi, risiti ipo, bei kamili. Akaiweka. Ikasoma kidogo, kisha ikadai makumi ya GB kutoka mtandaoni kabla haijakubali kuanza. Nyumba ile iko bondeni, nyuma ya migomba. Hata kupiga simu inabidi utoke hadi barabarani. "Ba'mdogo, inasema nisubiri," akaniambia. Kwa kasi ile likizo yake yote ingeisha akiitazama asilimia ikipanda. Tukachomeka PS2 yangu, na watoto wa ukoo mzima wakacheza hadi walipoitwa kula.

Aliyebuni gemu ile ya mtoto hakumuwaza mtu wa bondeni. Kwake mchezaji ni mtu anayeishi na intaneti kama anavyoishi na hewa. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilikuwa na miji mitatu, mashamba, jangwa na mlima mzima wa kupanda kwa pikipiki, vyote ndani ya DVD moja. Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019, pamoja na nyongeza zake, ilivuka GB 200, wakati PS4 ya kawaida ilitoka kiwandani na GB 500 tu. Najua picha za leo zina uzito wake wa haki. Lakini uzito huo unabebwa na mnunuzi, kwa bando lake.

Na hata ukiwa na bando, bado hujawa mwenye mali. Kampuni ya Ubisoft ilianza kuuza gemu ya The Crew mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva zake, na kwa kuwa gemu hiyo ilihitaji seva hata ukicheza peke yako, diski zote zilizokuwa kwenye makabati ya watu hazikuwa na kazi tena. Mmarekani mmoja, Ross Scott, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Dai lake ni dogo mno: kampuni ikichoka kuhudumia gemu, iiache katika hali ambayo aliyeinunua ataendelea kuicheza. Julai 2025 sahihi zilizokusanywa katika Umoja wa Ulaya zilipita milioni moja. Mimi si raia wa huko na sahihi yangu isingehesabika, lakini ningeiweka kwa mikono miwili. Sony ilisitisha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150, na ile ya kwangu inawaka hadi leo bila kumuuliza mtu.

2. Mashine inayofunguka kwa bisibisi huishi

PlayStation za kwanza zilitufundisha ufundi kwa lazima. Mashine ikianza kukwama tuliigeuza juu chini, ikasoma diski huku tumbo likitazama dari. Wengi walidhani ni uchawi wa kibandani. Sababu yake inaeleweka: katika zile za mwanzo lenzi ilitembea juu ya reli ya plastiki, plastiki ikilika lenzi inainama, na ukiipindua mashine uzito unahamia upande ambao haujachakaa. Kwa PS2 ilikuwa pamba na spiriti, mkono mwepesi, na kuvuta pumzi ndani.

PS5 nyembamba iliyotoka mwaka 2023 ina sehemu ya diski inayochomoka, wazo zuri kabisa kwa fundi. Kisha ukiifunga kwa mara ya kwanza mashine inataka mtandao ili iitambue. Skrubu tu ingetosha.

3. Mtu aliyekaa pembeni yako ni nusu ya gemu

Kibandani palikuwa na sheria moja: mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka, na anayefuata ni yule ambaye sarafu yake iko mbele kwenye mstari juu ya televisheni. Mechi moja ilikuwa shilingi mia, baadaye mia mbili, na mwenye kibanda aliiweka dakika tano ili foleni itembee. Kwenye benchi lile walikaa wanafunzi waliovaa sare bado, wabeba mizigo wa Mbuyuni, makonda wa Hiace za Machame, na kijana aliyeteremka kutoka Uru kuuza parachichi za mama yake. Wakati mwingine kocha wako alikuwa mtu usiyemjua, amesimama nyuma yako, anakuambia beki wako wa kushoto anapanda mno.

Ndiyo maana naona waliofuta pedi ya pili walifuta kitu kikubwa kuliko walivyodhani. Halo, gemu iliyojengwa juu ya marafiki kugawana televisheni moja, ilitoka mwaka 2015 katika toleo lake la tano bila kugawa skrini kabisa. Wachezaji walilalamika mpaka studio ikaahidi mwaka 2017 kwamba haitarudia. Halo Infinite ikaja, na mwaka 2022 mpango wa kugawa skrini katika hadithi yake ukafutwa. Sababu za kiufundi zipo, maana kuchora picha mbili kwa wakati mmoja ni kazi nzito kwa mashine. Lakini pia televisheni moja yenye pedi mbili ina maana nakala moja iliyouzwa, na kucheza mtandaoni kuna maana ya nakala mbili.

Gemu za ngumi zilibaki na uaminifu zaidi. Tekken bado inachezwa bega kwa bega, na mashindano yake makubwa ni watu wawili kwenye viti viwili. Kutoka humo ametoka Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka 2018. Nikimwona nakumbuka kwamba kuzisoma hofu na papara za mwenzako akiwa hapo kando ni ujuzi, na ujuzi huo hujengwa kwenye benchi.

4. Ada ilipwe mlangoni, halafu tuwe sawa

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Katika Winning Eleven, gemu ya mpira ya Konami inayojulikana pia kama PES, ukichagua Brazil na mimi nikachagua Brazil, tuko sawa. Adriano wa PES 6 alikuwa na shuti la kutisha, na alikuwa na shuti lile lile kwa mtoto wa mwenye hoteli na kwa mtoto wa muuza ndizi wa Kiboriloni. Tukishaweka sarafu zetu, kilichobaki ni vidole na akili. Haki ya namna hiyo ni adimu katika maisha ya kijana maskini, na vibandani tulikuwa nayo.

Mwaka 2009 kampuni ya EA ilileta Ultimate Team kama nyongeza ya gemu yake ya mpira, FIFA 09. Unajenga kikosi kwa kufungua pakiti za kadi. Pakiti unaweza kuzipata kwa kucheza sana, au kwa kulipa. Usichokijua ni mchezaji gani atatoka ndani. Mwenye hela anafungua nyingi, anapata mastaa, kisha anakutana mtandaoni na asiye nazo. Hapo mchezo wa mpira umeingizwa bahati nasibu ndani yake, na mwezi Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka wazi kwamba masanduku ya bahati katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, ni kamari. Mapema mwaka uliofuata EA iliacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Kwingineko duniani biashara iliendelea.

Mtu wa Moshi hahitaji kamati ya wataalamu kulielewa hili. Amewaona vijana wamezunguka mashine ya dubwi kwenye kibaraza cha duka, taa zinawaka, muziki unaita, sarafu za mia mbili zinaingia moja baada ya nyingine. Fungua pakiti ya kadi kwenye gemu ya kisasa utazame: taa zile zile, kuchelewesha kule kule kabla ya kukuonyesha ulichopata, na kile kinachokuonyesha kwamba umekosa kidogo tu. Tofauti ni kwamba sheria yetu inamkataza aliye chini ya miaka 18 asiguse dubwi, wakati pakiti inafunguliwa sebuleni na mtoto wa darasa la sita kwa kadi ya mzazi wake. Nawaambia wazazi ninaowafahamu hivyo hivyo: ondoa kadi kwenye akaunti, gemu muachie.

Winning Eleven yenyewe haikusalimika. Konami iliacha jina la PES, na tarehe 30 Septemba 2021 ikatoa eFootball, ya bure, yenye timu chache na sura za wachezaji zilizopinda kiasi kwamba kampuni iliomba radhi hadharani siku iliyofuata. Imerekebishwa sana tangu wakati huo na inachezeka. Lakini bure yake inalipiwa kwa kadi za bahati, na Adriano wangu wa leo yuko ndani ya pakiti.

5. Mchezaji akiachwa afikiri, atafikiri

Winning Eleven za mwanzo tulizocheza zilikuwa za Kijapani. Menyu zote herufi tusizozijua, mtangazaji anapiga kelele kwa lugha tusiyoijua. Tulikariri: chini mara mbili, duara, kulia, duara, umefika kwenye fomesheni. Hakuna aliyetuelekeza, na mtoto wa miaka tisa aliweza kubadili mfumo wa 4-4-2 kuwa 3-5-2 katikati ya mechi.

Leo kuna mjadala mkubwa kuhusu rangi ya njano inayopakwa kwenye ngazi na kuta ili mchezaji ajue pa kupanda. Uliwaka kwa Resident Evil 4 iliyotengenezwa upya mwaka 2023 na ukawaka tena kwa Final Fantasy VII Rebirth mwaka 2024. Sina ugomvi na rangi yenyewe. Nina ugomvi na kutokuwepo kwa kitufe cha kuizima.

6. Wapo wanaofanya vizuri, na tuwataje

Wazee wenzangu wa gemu wana tabia ya kusema kila kizuri kilikufa na PS2. Sikubaliani nao. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya kumsaidia mwenye ulemavu, kiasi kwamba asiyeona kabisa anaweza kuimaliza. Kwenye benchi letu la Pasua mtu huyo asingekuwa na nafasi, na huo ulikuwa upungufu wetu sote. It Takes Two ya mwaka 2021 haichezeki peke yako: lazima muwe wawili, na mkiwa mbali mmoja akinunua mwenzake anaingia bure. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 iliuzwa nzima, bila duka la kadi ndani yake. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka mwaka 2016, na amekuwa akiiongezea vitu miaka yote hiyo bila kudai hela nyingine.

Ukiziangalia, nyingi kati ya hizo zilitoka kwa timu zilizoruhusiwa kumaliza kazi yao. Upande wa pili, Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69, na Januari 2024 ikaachisha kazi watu 1,900 wa idara yake ya gemu. Waliojua gemu ilivyojengwa ndio walioondoka nayo kichwani.

7. Gemu iliyokwisha kutengenezwa ndiyo watu huipanua

PES za zamani hazikuwa na leseni za timu nyingi. Liverpool iliitwa Merseyside Red, Manchester City ikaitwa Man Blue, na hakuna mtoto wa Moshi aliyedanganyika. Tuliingia sehemu ya kuhariri, tukaandika majina sahihi, tukapaka jezi, tukahifadhi kwenye memori kadi ya MB 8 ambayo mwenyewe aliivaa shingoni kwa kamba.

Mbegu ile haijafa. Mwaka 2012 Henrik Rydgård alitoa PPSSPP, programu inayoiga PSP, na kupitia hiyo PES ya zamani inakaa ndani ya simu ya kawaida na kuchezwa bila bando. Vijana wa Kitanzania wameifungua, wakaingiza Simba na Yanga, jezi za msimu, majina, na hata utangazaji wa Kiswahili. Mafaili yanatumwa kwa WhatsApp, yanahamishwa kutoka simu hadi simu kwenye vijiwe vya bodaboda vya Rau na Kibosho Road. Hakuna kampuni iliyowaagiza, na hakuna atakayewazimia seva. Mchezaji Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, walimhamisha wenyewe, kisha wakabishana jioni nzima kama pasi zake zipewe 88 au 90.