Lugha ya Wazee na Lugha ya Nchi

Nkuhungu ni kata mojawapo ya jiji la Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Watu wa makabila mengi wamehamia Dodoma, hasa tangu mwaka 1973, serikali ilipokata shauri kuufanya mji mkuu wa Tanzania. Basi mtoto wa Kigogo husikia Kiswahili shuleni na sokoni, na Kigogo kwa bibi yake.

Lugha hizi mbili ni ndugu. Mswahili husema mtu, watu. Mgogo husema munhu, wanhu. Akimwamkia mtu mmoja, Mgogo husema "Mbukwa", akiwaamkia wengi, "Mbukwenyi." Hata jina la Dodoma ni la Kigogo. Wazee husimulia ya kuwa tembo alikwenda kunywa maji akazama matopeni, watu wakasema "Idodomya," yaani, amedidimia. Asiyeijua lugha hiyo hulitaja jina kila siku, wala hajui maana yake.

Kaskazini, upande wa Kondoa na Chemba, wako Wasandawe. Lugha yao si ndugu ya Kigogo wala ya Kiswahili. Maneno yake mengi yana sauti za kupiga kidoko kwa ulimi.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Faida yake ni kubwa: Mgogo na Mzanzibari husemezana pasipo mkalimani. Lakini lugha za makabila hazifundishwi shuleni. Wazazi wakiacha kuzisema nyumbani, watoto watazipata wapi? Lugha ikipotea, hupotea pamoja nayo majina ya miti na dawa, na methali za wazee.

Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulitangaza haki za watu wa asili, pamoja na haki ya kuwarithisha watoto lugha yao. Tanzania ilikubali tangazo hilo. Tena miaka 2022 hadi 2032 imetengwa kwa ajili ya lugha za namna hiyo. Lakini tangazo peke yake halitoshi, maana lugha hukaa kinywani.

Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliimba Kigogo kwa zeze na ilimba hata Ulaya. Hakupungukiwa Utanzania wake kwa sababu hiyo. Bali aliiletea nchi yake sifa. Mwenye lugha mbili ana mali mbili.

MASWALI
1. Jina la Dodoma lilipatikanaje?
2. Lugha ya Wasandawe ina tofauti gani na Kigogo?
3. Waulize wazee majina matano ya miti katika lugha yao, uyaandike.