Damu ya Mgeni

Somo letu la leo ni juu ya haki ya mgeni katika nafsi yake na mali yake. Hatumkusudii mgeni aliyekuja kutuzuru kisha akarejea kwao, kwani huyo watu wa pwani wamjua namna ya kumkirimu. Twamkusudia aliyehamia katika mji wa watu kutafuta riziki au amani: mwenye duka, kibarua, mchuuzi, mkimbizi. Huyu akiuawa, watu huuliza kwanza, "Alikuwa mtu wa wapi?" kabla ya kuuliza, "Ni nani aliyemuua?" Na swali hilo la kwanza ndiyo maradhi tutakayoyaeleza.

Na tuyatazame yaliyotokea Afrika Kusini. Mwezi wa Mei 2008, katika mtaa wa Alexandra mjini Johannesburg, makundi ya watu yaliwashambulia majirani zao waliotoka Zimbabwe, Msumbiji na Malawi. Ghasia zikaenea mtaa kwa mtaa, hata zikafika Durban na Cape Town. Watu zaidi ya 100,000 walitolewa majumbani mwao, na serikali ikalazimika kuleta jeshi. Waliouawa walikuwa 62. Na katika hao, 21 walikuwa ni raia wa Afrika Kusini wenyewe.

Yalikuwaje hayo? Washambuliaji hawakuwa na daftari la kuwajulisha nani mgeni na nani mwenyeji. Waliwapima watu kwa ulimi: mtu alisimamishwa akaulizwa kiwiko cha mkono huitwaje kwa Kizulu. Asiyejua alihesabiwa mgeni, ijapokuwa babu zake wamezikwa katika nchi hiyo hiyo. Basi na afahamu msomaji: ukikubali kwamba damu ya mgeni ni halali, umempa mwenye rungu ukadhi wa kuamua nani ni mgeni. Leo atampima jirani yako, na kesho atakupima wewe.

Maafa hayo hayakuishia hapo. Yalirudi mwaka 2015 katika Durban na Johannesburg, yakarudi tena Septemba 2019, hata watu wengi wa Nigeria wakarejeshwa kwao kwa ndege. Aprili 2022, katika mtaa wa Diepsloot, kaskazini ya Johannesburg, watu walipita nyumba kwa nyumba wakidai hati na fedha. Mtu mmoja wa Zimbabwe, baba wa watoto wanne, akauawa na kutiwa moto.

Mgeni huwa windo jepesi kwa sababu zilizo wazi. Aghlabu fedha zake huziweka dukani au mwilini, kwa kuwa hana hati za kufungulia akaunti ya benki. Na mwizi alijua hilo. Akiibiwa huogopa kwenda polisi, asije akakamatwa yeye. Akiuawa hana jamaa wa kuifuata kesi yake, na walioshuhudia wamekwisha kukimbia au kurudishwa kwao. Muuaji naye akiona jana hakuulizwa, leo hurudia.

Wako wasemao, "Wageni wametunyang'anya kazi." Wengine husema, "Miongoni mwao mna wahalifu." Twajibu: aliyevunja sheria mahakama ipo, na kosa la mmoja halibebwi na mwingine kwa sababu wametoka nchi moja. Ama ile hoja ya kazi, wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliochunguza ghasia hizi waliona kwamba umasikini peke yake hautoshi kuzieleza, kwani mitaa ya masikini ni mingi, na mingi katika hiyo haikumgusa mgeni. Penye mauaji aghlabu walikuwapo viongozi wa mtaa au wafanya biashara waliotaka nguvu, au waliotaka duka la mgeni lifungwe ili lao lipate wanunuzi. Masikini hutiwa hasira, na faida huchukuliwa na mwingine.

Wala asidhani msomaji kuwa haya ni ya mbali. Agosti 1997, hapa petu Likoni, walishambuliwa watu walioitwa wabara. Hao hawakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Ni raia wa Kenya kama sisi, na wengi wao walikuwa wamekaa miaka mingi pwani. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na watu kama 100,000 wakahama. Ni kweli kwamba pwani ina malalamiko yake juu ya ardhi na kazi, nasi hatuyakani. Lakini ni shamba gani lililorudi kwa mwenyewe kwa kuchinjwa muuza mboga?

Waislamu wa kwanza walipodhulumiwa Makka walikwenda Habasha, wageni wasio na jamaa wala silaha. Mfalme wa nchi ile, ambaye hakuwa wa dini yao, aliwasikiliza kwanza, kisha akakataa kuwakabidhi kwa waliowafuata. Hakuuliza ni watu wa kabila gani. Aliuliza wamefanya nini. Hiyo ndiyo njia ya uadilifu.

Basi wajibu wetu ni huu. Tuzichunge ndimi zetu, tusimwite mtu kwa jina la kumdharau mbele ya watoto, kwani rungu hutanguliwa na neno. Tusinunue mali iliyoporwa dukani kwa mgeni, wala tusipange chumba alichofukuzwa. Tukiona fujo linaanza, tufungue milango yetu, tumwingize. Tukiitwa kutoa ushahidi, twende tukaseme tuliloliona, hata likiwa juu ya jamaa zetu. Na maimamu walitaje jambo hili mimbarini kabla halijatokea, kwani baada ya mazishi mawaidha hayamfufui mtu.

Wana wetu wangapi leo wako Ghuba, Ulaya na hiyo hiyo Afrika Kusini? Kila mmoja wao huko aliko ni mgeni, na usiku huu analala akitumai kuwa jirani yake ni mtu mwadilifu. Na jirani zetu hapa nao wanalala kwa tumaini hilo hilo juu yetu.