Nafsi na Roho ya Mpelelezi: Utata wa Maadili katika Majina ya Riwaya za Ben Mtobwa

1.0 Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata msingi wake mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale. Faraji Katalambulla alifuata kwa Simu ya Kifo (1965), na Elvis Musiba kwa Kufa na Kupona (1974). Wahakiki wengi wameiweka riwaya hii katika kapu la fasihi pendwa. Baadhi yao huishutumu kwamba inaigawa dunia katika mafungu mawili, wema na waovu, kisha inamwachia msomaji burudani tupu. Makala haya yanaipima shutuma hiyo kwa kuchunguza msamiati wa upelelezi pamoja na sarufi ya majina ya vitabu vya Ben R. Mtobwa (1958–2008), mzaliwa wa Kigoma. Hoja inayotetewa ni kwamba utata wa maadili umekwisha kupandwa katika viambishi na maana za maneno kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.

2.0 Vazi na Jina: Mfano wa Ujiji

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu anayechunguza kwa siri, na kila neno hubeba hukumu yake. Mpelelezi hutokana na kitenzi -peleleza, na kwa kawaida hutumika kwa mtu wa upande wetu. Jasusi, neno lenye asili ya Kiarabu, aghalabu huachiwa adui. Shushushu ni neno la mitaani lenye dharau na hofu ndani yake. Kazi ni moja. Kinachotofautiana ni mahali aliposimama msemaji.

Linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni askari kanzu, yaani askari asiyevaa sare. Neno hili ambatani lazima lieleweke kwa kuzingatia mazingira kama ya Ujiji, ambako kanzu ni vazi la heshima na ibada. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilileta Ujiji vazi, dini na lugha. Watu wa bara waliojiunga na maisha hayo, wakiwamo wenye asili ya Umanyema, waliweza kuitwa waungwana, na kutokana na jina hilo lahaja ya ng'ambo ya ziwa ikaitwa Kingwana. Kwa hiyo kubadili vazi na jina kulikuwa njia halali ya kuingia katika jamii. Askari kanzu huitumia njia hiyohiyo, lakini kwa nia ya kuwatoa wengine. Anaazima imani ambayo watu wameliwekea vazi.

Jina nalo ni vazi. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo kwa siri akiitwa Tatu, huku wenzake Víctor Dreke na José María Martínez Tamayo wakiitwa Moja na Mbili. Namba hizo zilificha utaifa, na zilificha cheo pia, kwa kuwa kiongozi alikuwa wa tatu. Hata hivyo, kwa Waswahili Tatu ni jina la mwanamke. Jina la kujificha halikosi kusema jambo ambalo mwenyewe hakulikusudia.

3.0 Viambishi vya Nafsi

Majina ya vitabu vya Musiba kama Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981) ni ya kinomino. Hayana kiambishi cha nafsi. Mhusika wake mkuu, Willy Gamba, ni mpelelezi wa serikali, na uhalali wa kazi yake umetolewa na dola. Joram Kiango wa Mtobwa hujitegemea. Hana ofisi ya umma ya kumtakasa, na majina ya baadhi ya vitabu vinavyomhusu yanadhihirisha hali hiyo.

Katika Najisikia Kuua Tena, nafsi ya kwanza umoja inajitokeza pamoja na kirejeshi -ji-: msemaji anajitazama mwenyewe. Kielezi tena kinachukulia kwamba ameshaua. Ni nani huyu? Jina halisemi. Muuaji aweza kulitamka, na mpelelezi aliyezoea bastola aweza kulitamka vilevile. Katika Lazima Ufe Joram, kiambishi u- na kiishio -e cha dhamira tegemezi vinafanya kazi nyingine. Anayelisoma jina hili kwa sauti anajikuta ametoa amri ya mauaji, yaani amesimama upande wa genge.

4.0 Nuka na Roho

Pesa Zako Zinanuka kilitoka mwaka 1984, mwaka uleule Tanzania ilipotunga sheria ya kudhibiti uhujumu uchumi na uhalifu wa kupangwa. Kitenzi -nuka huashiria harufu mbaya. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea, -nukia huashiria harufu nzuri. Tofauti ya uvundo na manukato ni kiambishi kimoja. Pesa za magendo zilimnukia aliyezipokea na kumnukia hata jirani aliyepata sabuni wakati wa uhaba. Kimilikishi -ako kinamwelekea mwenye pesa, na papo hapo kinamwelekea msomaji.

Tutarudi na Roho Zetu? ndilo jina zito kuliko yote. Roho ni uhai. Ni dhamiri pia, kama katika roho nzuri na roho mbaya. Kwa maana ya kwanza swali linahusu risasi. Kwa maana ya pili linamhusu kila anayejifanya mhalifu ili awakamate wahalifu: mwili waweza kurudi salama, na roho ikabaki huko.

5.0 Hitimisho

Yawezekana kupinga kwamba majina haya yalitungwa ili kuuza vitabu. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halifuti ushahidi wa sarufi, kwani jina humvuta mnunuzi kwa kugusa wasiwasi alio nao tayari. Aidha, hoja hii inahusu majina, na haidai kwamba kila hadithi inautimiza utata ulioahidiwa na jalada lake. Kuzilinganisha ahadi hizo na miisho ya hadithi ni kazi inayowafaa wanafunzi wa uzamili. Wakiianza kwa kudharau fasihi pendwa, watapitwa na swali ambalo wasomaji wa kawaida wameulizwa kwa miaka mingi: anayevaa kanzu ya mwenzake ili amsaliti kwa ajili ya haki, arudipo nyumbani huvua nini?