Somo la Kumi na Mbili: Historia Iko Hapa Kwetu



Sasa unajua kusoma na kuandika. Katika somo hili utajifunza kutumia kalamu yako kuandika historia ya kijiji chako. Huhitaji vitabu vingi. Unahitaji daftari, kalamu, macho, masikio na heshima kwa wazee.

1. SWALI LA MJUKUU

Jioni moja darasa la kisomo lilikutana katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru. Mwalimu alileta kitabu cha historia. Akasoma habari za vita vya nchi za mbali. Wanakisomo walikuwa wamechoka kwa kazi ya shamba. Wengine walianza kusinzia.

Mama mmoja akanyosha mkono. Akasema:

"Mwalimu, samahani. Jana mjukuu wangu aliniuliza, 'Bibi, zile ngazi za udongo kule juu zilichimbwa na nani?' Nilishindwa kumjibu. Marehemu mama yangu alizichimba. Lakini nilipokuwa kijana sikumwuliza habari zake. Sasa nitamwuliza nani?"

Darasa zima likaamka. Kila mtu alikuwa na neno la kusema. Mzee mmoja akasema kazi ile ililetwa na Wajerumani. Mwingine akasema, "La, ni Waingereza." Kijana mmoja akasema ni kazi ya chama.

Mwalimu akafunga kitabu. Akasema, "Ndugu zangu, somo la leo mama amelileta. Tutalitafuta pamoja."

2. MLANGO WA KWANZA: WAZEE

Darasa lilianza kwa wazee. Mwalimu aliwafundisha namna ya kumwuliza mzee:

• Nenda wakati mzee amepumzika. Msalimu kwanza. Usiingie na maswali kama karani wa kodi.
• Mweleze kwa nini unauliza. Omba ruhusa ya kuandika.
• Usimwulize, "Je, ni kweli Waingereza waliwapiga?" Hapo umemwekea jibu mdomoni. Mwulize, "Babu, siku ile uliona nini?"
• Mwulize kama aliona mwenyewe, au aliambiwa.
• Usimkate maneno. Akinyamaza, subiri.
• Uliza wazee zaidi ya mmoja, wanaume na wanawake.

Katika Uluguru usimsahau bibi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba mengi yalifuata ukoo. Kwa hiyo bibi anaweza kujua habari za shamba ambazo babu hazijui.

Wazee wengi hawakumbuki mwaka. Usikate tamaa. Mwaka mmoja unaojulikana unaweza kukusaidia kupata mwingine. Mwulize bibi: "Siku ya Uhuru ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na watoto wangapi?" Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba, 1961. Akisema mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza kutembea siku ile, wewe unaweza kuhesabu.

Tena, mzee akisema, "Ilikuwa wakati wa Kingalu," mwulize, "Kingalu yupi?" Kingalu ni jina la utawala linalorithiwa. Wamekuwako Kingalu wengi. Usipouliza, unaweza kukosea kwa miaka mia.

3. MLANGO WA PILI: VITU

Wiki ya pili kila mwanakisomo alileta kitu cha zamani kutoka nyumbani. Walileta jembe lililolika, kinu, cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kodi na senti kumi yenye tundu katikati.

Mwalimu akauliza maswali manne juu ya kila kitu: Ni nini? Kilitengenezwa kwa kitu gani? Nani alikitumia? Kinatuambia nini?

Senti ile ilikuwa ya Afrika Mashariki, ya zamani za Waingereza. Ilikuwa imeandikwa mwaka 1952. Kijana mmoja akasema, "Basi nyumba ya babu ilijengwa mwaka 1952, maana senti ilikuwa ndani ya nyumba."

Mwalimu akacheka. Akasema, "Senti inasema ilitengenezwa mwaka 1952. Haisemi iliingia lini katika kibubu cha babu." Tanzania ilianza kutumia fedha zake yenyewe mwaka 1966. Basi senti ile iliweza kupita mikono mingi kabla ya hapo.

Hili ni jambo kubwa. Kitu hakisemi uongo, lakini sisi tunaweza kukisikia vibaya.

4. MLANGO WA TATU: MAANDISHI

Maandishi nayo ni shahidi. Lakini mwulize shahidi huyu: Nani aliandika? Alikuwako? Alikaa siku ngapi?

Tuchukue mfano wa mji wa Morogoro. Zamani palikuwa na mji wenye ngome, ukiitwa Simbamwene. Ulijengwa na mtawala aliyeitwa Kisabengo. Baada yake alitawala binti yake. Mwaka 1871 Stanley alipita hapo akienda kumtafuta Livingstone. Aliandika habari za ngome na kuta zake. Mwaka 1872 aliporudi alikuta mafuriko ya mto yameharibu mji ule.

Maandishi yale yana faida. Yanatupa mwaka. Lakini Stanley alikuwa mpita njia. Hakujua lugha ya wenyeji, wala hakulima nao. Habari za ndani tunazitafuta kwa watu wa hapa. Mgeni ameandika mwaka, mwenyeji anajua maana. Tuwasikilize wote wawili.

5. DARASA LAPATA JIBU

Baada ya wiki nne darasa lilikusanya habari. Waliuliza wazee, walipanda kuziona ngazi, na mwalimu alisoma vitabu mjini. Wakaandika hivi ubaoni:

"Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua. Mito ilijaa matope. Mwaka 1950 ulikuwa umeanza mpango wa kuhifadhi ardhi. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Aliyekataa alishitakiwa. Kazi ilikuwa nzito, na wanawake waliibeba sana. Mahali pengi udongo wa juu ni mwembamba. Jembe lilipochimba ngazi, udongo wa chini usio na rutuba ulitokea juu. Mazao hayakustawi. Watu walinung'unika, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1955 watu wengi walikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walipiga risasi. Mtu mmoja alikufa. Baada ya hapo serikali iliacha kuwalazimisha watu kuchimba."

Lakini kazi haikwisha kwa amani. Wazee wawili walibishana. Mmoja akasema, "Tulikataa kwa sababu ya shamba. Mahindi yalikuwa ya njano." Wa pili akasema, "Tulikataa kwa sababu ya kutawaliwa. TANU ilikwisha anza mwaka 1954. Watu walitaka kujitawala."

Wanakisomo wakamtazama mwalimu. Walitaka aseme nani ana haki. Mwalimu akauliza, "Je, mtu hawezi kuwa na sababu mbili?"

Wakaandika maneno ya wazee wote wawili, kila moja peke yake. Hawakufuta hata moja. Hivyo ndivyo historia inavyoandikwa. Watu wakitofautiana, andika tofauti zao.

Kisha yule mama akasoma habari yote kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Alipofika kwenye maneno "wanawake waliibeba sana," alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Huyo ni mama yangu. Hakuandikwa jina, lakini yumo." Akaomba karatasi. Alitaka kuinakili habari ile ampelekee mjukuu wake.

6. FAIDA YAKE NI NINI?

Labda utauliza, "Mambo haya yamepita. Yatatusaidia nini?"

Kwanza, yatatusaidia katika kilimo. Mvua ya Uluguru bado inachukua udongo. Maji ya mto Ruvu yanayotoka katika milima hii hunywewa hata Dar es Salaam. Kuhifadhi udongo ni kazi yetu. Kosa la mwaka 1955 halikuwa kutunza ardhi. Kosa lilikuwa kuwalazimisha watu, na kutowauliza wenye mashamba juu ya udongo wao. Mtaalamu akija leo, tumsikilize, naye atusikilize.

Pili, yatatusaidia kuepuka ugomvi. Mipaka mingi ya mashamba imo vichwani mwa wazee tu. Mzee akifa kabla hajaulizwa, watoto hubaki wakigombana.

Tatu, muda ni mfupi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1955 sasa ana miaka themanini au zaidi. Shahidi huyo hatatungoja. Usiseme, "Nitamwuliza baada ya mavuno." Nenda wiki hii.

7. KWA MWALIMU WA KISOMO: KAMBA YA MIAKA

Funga kamba ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Kila hatua moja iwe miaka kumi. Andika mambo haya katika vipande vya karatasi na kuvitundika:

1907 – Reli kutoka Dar es Salaam yafika Morogoro.
1916 – Waingereza wauteka mji wa Morogoro kutoka kwa Wajerumani.
1955 – Watu wapinga matuta, Matombo.
1961 – Uhuru wa Tanganyika.
1967 – Azimio la Arusha.

Kisha kila mwanakisomo atundike karatasi yake: mwaka aliozaliwa, mwaka aliooa au kuolewa, mwaka aliojifunza kusoma. Hapo ataona kwamba naye yumo katika historia.

MANENO YA KUJIFUNZA

kibubu – chombo cha kuwekea akiba ya fedha
ngome – mahali palipozungushiwa ukuta wa ulinzi
rutuba – nguvu ya udongo ya kustawisha mimea
shahidi – aliyeona jambo, au kitu kinachothibitisha jambo

MASWALI

1. Kwa nini yule mama alishindwa kumjibu mjukuu wake?
2. Senti ya mwaka 1952 inatuambia nini? Haituambii nini?
3. Kwa nini mazao hayakustawi katika matuta mengi?
4. Wazee wawili walitofautiana juu ya nini? Darasa lilifanya nini?

JADILIANENI

Je, katika kijiji chenu kuna kazi iliyoletwa bila wananchi kuulizwa? Ilifika wapi?

KAZI YA NYUMBANI

Mtembelee mzee mmoja wiki hii. Andika katika daftari lako: jina lake, tarehe, jambo moja aliloliona kwa macho yake, na mahali lilipotokea. Mistari mitano inatosha. Kisha msomee maneno yako. Mwulize, "Je, nimeandika sawasawa?" Akikusahihisha, sahihisha.